Kitufe Kilichohama: Somo Nililopewa na Mama Katibu



Wengi mmekuwa mkiniuliza kuhusu programu ya kompyuta tunayotumia kutunza kumbukumbu za chanjo za kuku kwenye kikundi chetu, na baadhi yenu mnataka kutengeneza ya kwenu. Nitaeleza, lakini kwanza naomba nisimulie kosa nililolifanya na programu hiyo hiyo. Kosa hilo lilitugharimu kuku, na nusura litugharimu katibu bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Chanjo ilikuwa nzima na ilikaa kwenye ubaridi unaotakiwa. Kilichotuangusha ni kitufe kwenye skrini.

Kwa nini orodha ina uzito

Kwa msomaji mgeni, nieleze kwa kifupi. Tunachanja kuku wa kienyeji dhidi ya mdondo, ugonjwa ambao wengine mnauita kideri. Tunatumia chanjo ya I-2, tone moja jichoni, na tunarudia kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, na ikishafunguliwa huwezi kuiweka ukaitumie wiki ijayo. Kwa hiyo kaya zinaungana na kuchanja siku moja. Lazima tujue mapema nani ana kuku wangapi, ili tununue chupa za kutosha na kila mmoja apewe taarifa afungie kuku wake asubuhi ile. Jina lisipokuwepo kwenye orodha, kaya ile haiitwi na dozi zake hazinunuliwi.

Programu ya kwanza

Nilianza kujifunza kuandika programu mwaka 2005 nikiwa chuoni, ingawa kozi yangu ilikuwa ya mifugo. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine za kila umri. Kwenye zile za zamani kulikuwa na Turbo Pascal ya kampuni ya Borland, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1983. Toleo tulilolikuta lilikuwa na skrini ya bluu na maandishi ya njano. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja wa kukukumbusha: F1 msaada, F2 hifadhi, F3 fungua. Hakukuwa na pambo lolote, ila kila kitu kilikuwa mahali pake kila siku. Baada ya wiki mbili kidole changu kilikuwa kinakwenda F2 bila mimi kukiambia.

Kwenye mashine zenye nguvu kidogo kulikuwa na Visual Basic 6 ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1998. Hiyo ndiyo iliyoniteka. Kushoto kuna kisanduku cha zana, katikati kuna fomu ya kijivu yenye vidoti, kulia kuna jedwali la sifa za kila kitu ulichokiweka. Unachukua kitufe kule kushoto, unakichora kwenye fomu, unakibofya mara mbili na kuandika kitakachofanya. Ukibonyeza F5, programu inaanza kazi. Mtu kama mimi, niliyezoea kushika ng'ombe kuliko hesabu, niliweza kuona ninachokitengeneza wakati huo huo ninapokitengeneza.

Nilipoanza kazi kwenye kata na kikundi cha kuku kikaundwa, nilitumia Visual Basic 6 hiyo kutengeneza programu ya kumbukumbu. Ilikuwa fomu moja tu: namba ya kaya, jina, kitongoji, idadi ya kuku, tarehe ya chanjo iliyopita. Vitufe vilikuwa vinne, vikubwa, vyenye maneno. HIFADHI kilikuwa cha kijani, chini kulia. TAFUTA na CHAPA vilikuwa katikati. FUTA kilikuwa chekundu, juu kushoto, mbali na vingine vyote. Rangi hizo zilinila jioni nzima, maana kitufe cha Visual Basic 6 hakipokei rangi mpaka ubadilishe sifa yake ya Style iwe Graphical, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

Katibu wa kikundi alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye kumbukumbu zilizonyooka kwenye kaunta buku. Hakuwahi kugusa kompyuta. Siku ya kwanza alishika kipanya kama mtu anayeshika yai. Baada ya mwezi alikuwa anaingiza kaya huku anaongea na watu waliokaa barazani, macho yake yakiwa kwenye kaunta buku. Mkono wake ulikuwa umeshajua HIFADHI kiko wapi. Aliitumia programu ile kwa miaka mingi na hatukupoteza kaya hata moja.

Nilipotaka kuonekana wa kisasa

Mwaka 2018 tulipokea mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Aliiona programu akacheka kwa adabu. "Bwana mifugo," akasema, "hii kitu imechoka. Inaonekana kama ya kwenye makumbusho."

Ukweli ni kwamba ilikuwa inafanya kazi. Microsoft iliacha kuihudumia zana ya kuandikia ya Visual Basic 6 mwezi Aprili 2008, lakini programu zilizoandikwa kwayo zimeendelea kukubalika kwenye Windows za baadaye. Hakuna mfugaji aliyelalamika, na mama katibu hakuniomba kitu. Ila neno la yule kijana lilinichoma. Nilikuwa nimepata kompyuta mpya yenye Visual Studio ya kisasa, nikaamua kuiandika programu upya.

Mtindo wa wakati ule ulikuwa bapa: vitufe visivyo na kingo wala kivuli, alama za rangi moja, nafasi nyeupe kila upande. Simu zilikuwa hivyo, Windows ilikuwa hivyo. Nami nikafanya hivyo. Niliondoa maneno kwenye vitufe nikaweka alama ndogo za kijivu, nne kwa mstari mmoja chini ya fomu: kioo cha kukuzia kwa kutafuta, diski kwa kuhifadhi, mashine ya kuchapia, na mwishoni kabisa, chini kulia, pipa la taka kwa kufuta. Lile swali la "Una uhakika?" kabla ya kufuta nililitoa pia, kwa sababu kisanduku chake kilikuwa kinaharibu sura.

Nilimpelekea mama katibu. Nikamwonyesha kwa dakika kumi hivi, mimi mwenyewe nikiwa nimeshika kipanya. Nikamuuliza, "Mama, umeelewa?" Akasema, "Nimeelewa, mwanangu. Imependeza." Nikaondoka kwa pikipiki nikiwa nimejaa furaha. Nilimwambia pia aache kuandika kwenye kaunta buku, maana sasa tuko kidijitali.

Orodha yenye pengo

Mwezi wa tisa tulijiandaa kwa chanjo kabla ya joto kukolea. Orodha ilichapwa ikatoka na kaya 41. Nilikuwa nakumbuka tuko zaidi ya 60. Hapo nilipaswa kusimama na kuuliza. Nikajiambia labda wengine wameuza kuku wao, nikanunua chupa kulingana na orodha, tukachanja, tukarudi nyumbani.

Baada ya wiki chache mdondo ukaingia kitongoji cha pili. Mnaojua ugonjwa huu mnajua jinsi unavyofagia banda. Kuku waliochanjwa walisimama. Kwenye kaya ambazo hazikuitwa, baadhi zilibaki na kuku wawili au watatu, na nyingine hazikubaki na hata mmoja. Mzee mmoja alikuwa akitegemea kuku wake kwa sare na michango ya shule ya mjukuu. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Bwana mifugo, mbona safari hii sikuitwa?"

Siku mbili baadaye mama katibu alikuja ofisini na kompyuta imefungwa kwenye kanga. Akaiweka mezani. "Mwanangu, mimi nimezeeka. Akili imechoka. Tafuteni kijana."

Nilimwomba akae, anionyeshe tu jinsi anavyofanya. Akafungua kaya mojawapo, akabadilisha idadi ya kuku kutoka 12 kuwa 17, akaandika tarehe. Kisha mkono wake ukaenda chini kulia, pale pale ulipozoea kwa miaka yote, akabofya. Fomu ikawa nyeupe, tayari kwa kaya nyingine.

"Si unaona?" akasema. "Imeingia."

Programu ya zamani ilikuwa inasafisha fomu baada ya kuhifadhi. Ile mpya ilikuwa inasafisha fomu baada ya kuhifadhi na baada ya kufuta pia. Kwa macho yake hapakuwa na tofauti yoyote. Kila kaya aliyojaribu kuisahihisha, alikuwa anaifuta. Kila kaya mpya aliyoiandika haikuwa inahifadhiwa mahali popote.

Nikamwonyesha ile alama. "Mama, hii ni nini?"

"Si ndoo ya kuwekea?"

Nilinyamaza. Kwake nyumbani taka zinatupwa shimoni na kuchomwa. Ndoo yenye mfuniko ni ya kuhifadhia unga na mbegu. Na ile diski ya mraba niliyoiweka kuwa alama ya kuhifadhi, yeye hakuwahi kuishika maishani mwake, na hata yule mwanafunzi wetu hakuwahi. Mama alisoma alama kwa maisha yake, na mkono wake ukamthibitishia. Mtu wa kulaumiwa alikuwa amekaa upande wa pili wa meza.

Mkutano

Niliitisha mkutano wa kikundi. Maneno yalikuwa yameshaanza kuzunguka kwamba mama katibu amevuruga majina, na wengine walisema kwa makusudi. Nilisimama nikaeleza kila kitu, nikachora vitufe vya zamani na vipya kwenye karatasi kubwa, nikaonyesha FUTA nilivyokipeleka pale HIFADHI kilipokuwa. Nikasema, "Kosa ni langu. Nilibadilisha kitu kilichokuwa kinafanya kazi, sikuuliza anayekitumia." Nikamwomba radhi yule mzee mbele za watu, kisha mama katibu.

Mama katibu akasimama akatoa kaunta buku kwenye mkoba. Hakuwa ameacha kuandika. "Ulisema niache," akaniambia, "lakini mwalimu haachi rejesta." Kwa jioni mbili tulirudisha kaya zote kutoka kwenye daftari lile. Wanakikundi walichanga mitetea wakampa yule mzee aanze upya.

Niliyoyasoma baadaye

Baada ya hapo nilianza kusoma kuhusu jambo hili, nikakuta hata wataalamu wakubwa limewafika. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa toleo la majaribio la Visual Studio, zana inayotumiwa na waandishi wa programu dunia nzima. Walikuwa wameondoa karibu rangi zote kwenye alama, wakaacha kijivu, wakieleza kwamba wanataka macho ya mwandishi yabaki kwenye kazi yake. Watumiaji wakaja juu. Walisema alama zinafanana na zinawachelewesha, kwa sababu walikuwa wanazitambua kwa rangi kabla ya umbo. Mwezi Mei mwaka ule kampuni ikatangaza kurudisha sehemu ya rangi. Toleo lililofuata likaja na majina ya menyu kwa herufi kubwa tupu, malalamiko yakaanza tena, na baadaye ikaongezwa njia ya kuzima herufi hizo.

Nilijifikiria sana hapo. Wale waliolalamika ni watu wanaotengeneza programu kwa riziki yao. Kama wao walipotea kwa sababu ya rangi, mama katibu angefanyaje kwa rangi, maneno na mahali kubadilika siku moja? Tofauti ni kwamba wao walijua pa kulalamikia. Yeye alijilaumu mwenyewe.

Upande mwingine, wale mnaotumia Excel, bonyezeni Alt pamoja na F11. Litafunguka dirisha la kuandikia amri za Excel, na sura yake haijabadilika sana tangu miaka ya mwisho ya 1990. Vijana wanaliona la kizamani. Lakini aliyejifunza miaka 20 iliyopita anakaa leo na kuanza kazi mara moja, na huo ni utajiri.

Nilikutana pia na mambo mengine matatu. Mwaka 1954 Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa mkono kufikia kitu unategemea umbali wake na ukubwa wake. Kwa hiyo kitufe cha kazi ya kila siku kiwe kikubwa na karibu, na cha hatari kikae mbali. Mwaka 1994 Jakob Nielsen alitoa kanuni zake kumi za mwonekano wa programu. Mojawapo inasema mtu atambue kitu kwa kukiona asilazimike kukumbuka, na nyingine inasema makosa yazuiwe kabla hayajatokea. Na Alan Cooper, ambaye kazi yake ndiyo iliyozaa Visual Basic, kwenye kitabu chake cha 1999 *The Inmates Are Running the Asylum* alisisitiza kwamba ubunifu ufanywe kwa ajili ya mtu mmoja anayeeleweka, mwenye kazi yake na tabia zake. Mimi mtu huyo nilikuwa naye, nilikuwa namsalimia shikamoo kila wiki, na bado sikumuuliza.

Tulivyorekebisha

Sikurudi Visual Basic 6. Nilibaki na zana mpya, ila safari hii nilikaa na mama katibu mezani, kipanya mkononi mwake, mimi nikinyamaza na kuandika kila alipositasita. Vitufe vilirudi mahali pake vikiwa na maneno na rangi. Tuliweka vyote viwili kwa sababu wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani. FUTA kilirudi juu kushoto, na kinauliza kwa jina: "Unataka kuifuta kaya hii moja kwa moja?" Kilichofutwa hakipotei, kinakaa kwenye orodha ya pembeni kwa mwaka mzima. Ukihifadhi, fomu haiwi nyeupe kimya kimya. Inaandika kwa herufi kubwa jina la kaya na idadi ya kuku waliohifadhiwa.

Hatukubaki na ya zamani yote. Mama aliomba herufi kubwa zaidi. Kisha akaomba kitu ambacho nisingekifikiria hata kwa miaka kumi: maswali kwenye fomu yafuate mpangilio wa kaunta buku lake, kitongoji kwanza, jina baadaye. Mabadiliko hayo mawili yalipunguza muda wake wa kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kukibuni mwenyewe.

Ushauri wangu

1. Kabla ya kubadilisha sura ya programu au fomu, uliza nani ameomba. Kama jibu ni wewe mwenyewe, ngoja kwanza.

2. Kitufe kinachotumika kila siku kisihamishwe. Kama hakuna budi, usikiweke cha hatari mahali pake.

3. Weka maneno ya Kiswahili kwenye vitufe. Ukitumia alama, muulize mtumiaji anaiona kuwa nini, usimwambie wewe.

4. Usiulize "Umeelewa?" Watu wetu wana heshima, watakujibu ndiyo. Sema, "Mama, hebu nionyeshe," kisha nyamaza utazame.

5. Tunzeni daftari sambamba na kompyuta, angalau kwa misimu miwili baada ya badiliko lolote.

6. Kila kabla ya chanjo, linganisha idadi ya kaya na ya msimu uliopita. Ikipungua, usinunue chupa mpaka ujue sababu.

7. Na wewe mtumiaji, mfugaji au katibu: programu ikikuchanganya, sema. Usiseme umezeeka. Inawezekana kabisa kuna mtu amehamisha kitufe.

Mama katibu bado yupo kwenye nafasi yake. Orodha ya mwisho aliyonichapia ilikuwa na kaya 68, na pembeni alikuwa ameweka alama ya kalamu kwenye kila jina, moja baada ya jingine, akilinganisha na kaunta buku. Sijamwambia aache tena.

Mada ijayo tutarudi bandani: namna ya kutenga vifaranga na kuku wakubwa kipindi cha mvua. Kazi njema.